Mume Wangu Alilala Safari Nzima ya Ndege, Sasa Anataka Kushuhudia Alivyonusurika Kifo

Admin, jina langu lifiche, maana mume wangu ni mfuasi wa ukurasa huu na husoma mpaka maoni ya mwisho. Akisoma atajijua, lakini wengine wasinijue. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, fundi cherehani hapa Moshi mjini, ila kwa wakwe zangu ni huko juu mlimani. Nimeolewa na mwanaume mwenye afya nzuri, sauti nzuri na uongo usio na breki.

Miezi michache iliyopita tulikwenda Dar kwenye harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Wakati wa kurudi shemeji akatukatia tiketi za ndege, ile ndogo ya pangaboi, yenye mapanga yanayozunguka kama feni. Mume wangu alikuwa amekesha harusini, kwa hiyo kabla hatujaruka alishalala, mdomo wazi. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, nikatoa simu nirekodi mawingu niwaonyeshe watoto. Hapo ndipo rubani akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba kuna taa inaonyesha mlango wa mizigo haujafunga sawasawa, hivyo tunarudi ukaguliwe. Tukarudi, tukatua taratibu. Fundi akaufungua mlango, akaufunga, ikaonekana mlango ni mzima, kibovu ni taa. Tukapewa soda na keki, tukapanda tena, tukafika. Mume wangu aliamka kwa ajili ya keki.

Sasa oneni alichokifanya. Siku tuliyofika alisema tu kwamba tumechelewa, ndege ilikuwa na hitilafu kidogo. Jumamosi kilabuni, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mlango ukawa umefunguka angani. Wiki iliyofuata injini moja ikawa imezima. Habari zilipofika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, injini ilikuwa inawaka moto, rubani analia, abiria wanaagana, na yeye ndiye aliyesimama kuongoza sala. Akaweka na picha ya ndege inayoungua aliyoiokota mtandaoni, lidege la ghorofa, eti ndiyo ile pangaboi yetu! Wanaume wazima wenye digrii zao wakaandika "Aika Ruwa", asante Mungu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona mtu aliyetoka motoni amerudi na suti ya harusi haina hata harufu ya moshi.

Ningemdharau kimyakimya, hilo nimeshalizoea. Lakini mama mkwe wangu anaumwa moyo. Madaktari wamesema afanyiwe upasuaji Dar, na safari ya basi ya kutwa nzima hataiweza, lazima aende kwa ndege. Shemeji ameshapanga kila kitu na kitanda kinamsubiri wiki ijayo. Baada ya kusikia habari za mwanawe, mama amegoma kabisa.

"Mwanangu," aliniambia, "Mungu amemtoa mtoto wangu kwenye moto, halafu mimi niende kumjaribu? Acha nifie hapa kwenye migomba yangu."

Nikamweleza ukweli wote, mwanzo mpaka mwisho. Akanishika mkono kwa huruma. "Pole, mwanangu. Baba watoto wako alishatuambia kwamba wewe ulizimia, hukuona kitu."

Nilizimia! Mimi!

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu amwambie mama yake ukweli. Akajibu, "Mama watoto, subiri kwanza ibada ipite." Ni ibada ya shukrani, Jumapili hii, usharikani kwetu. Mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, ameshatengwa, kwaya imeshafanya mazoezi, na mimi nimepangiwa kusimama pembeni yake wakati anashuhudia. Nikamwambia basi, nitamwonyesha mama ile video yangu ya mawingu. Sauti ya rubani inasikika vizuri, na kukoroma kwake kunasikika vizuri zaidi. Hakuwa na habari kwamba ipo.

Asubuhi yake akaja na baba yake mdogo, mzee ambaye sijawahi kumwinulia sauti, ameshika jani la isale. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale kuomba yaishe, unapokea, na jambo hilo halifukuliwi tena. Mzee hakujua ugomvi ni wa nini, alidhani ni mambo ya kawaida ya mke na mume.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana. Sitaki kujua kilichotokea. Pokea hili, yaishe."

Ningemkataliaje? Nikapiga goti, nikapokea, na yule bwana kasimama nyuma ya mzee kainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima. Jani ambalo wazee wetu walipatanishia watu waliomwagiana damu, yeye kalitumia kufichia usingizi wake. Mzee alipoondoka tu akaniambia, "Umepokea isale. Ukiitoa hiyo video, ukoo mzima utajua wewe ni mtu wa namna gani." Nikamuuliza, na mama je? Akasema mama atapona kwa maombi. Nilimtazama mwanaume yule nikatamani kumtemea mate.

Jana nilipanda kumwona mama mkwe. Nilimkuta amekaa kitandani, anapumua kwa shida, ana kitenge kipya mapajani. Akaniomba nimshonee gauni la kuvaa kwenye ibada ya mwanawe.

"Lishone refu, mkamwana, lenye mikono. Ulishone kwa utulivu. Ndilo mtakalonizika nalo."

Kitenge kiko hapa mezani kwangu, sijakitia mkasi. Simu nayo iko pembeni. Nikiifungua video, mimi ni mkamwana niliyekanyaga isale, na sijui nitaingia wapi tena kwenye ukoo huu. Ninyi mlioolewa huku, mnaojua uzito wa lile jani, semeni nami leo, Jumapili ni keshokutwa: nikae nikate gauni, au nipande mlimani na simu?