Blanketi Lililoshonwa Kama Kiti cha Lori

Siku ya kwanza kazini pale Salama, Fundi Mkuu hakunigusisha cherehani. Alinipa wembe na gauni lililoharibika, akasema, "Fumua. Ukiweza kutoa uzi bila kutoboa kitambaa, kushona utajifunza." Nilifumua wiki mbili. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nne, ningekimbilia wapi? Na mzee huyo alikula viazi vitamu mbele yetu bila kukaribisha mtu, lakini hiyo tuiache.

Kutoka Salama nilienda Ikutha, sare za shule, chini ya Mama Mwenye Duka aliyepima watu kwa macho tu. Siku ya soko mbuzi aliingia akatafuna kola saba, nami ndiye niliyekaripiwa. Mwisho nikaja Kasikeu, na hapa ndipo nilipostaafia.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa blanketi la viraka. Akina mama wa kanisa tulitaka kulipeleka wadi ya kujifungulia, maana Julai baridi ni kali na vitoto huzaliwa vikafungwa leso peke yake. Kila mama alileta kiraka: leso, sare ya kwaya, mmoja mfuko wa shati la marehemu mumewe. Niliviunga, nikatia blanketi kuukuu katikati na shuka chini. Sasa juu, katikati na chini lazima vishikanishwe kwa mishono, ama blanketi la ndani litajikunja donge. Cherehani yangu ya miguu haikuweza unene huo. Mutua, muumini wetu anayeshona viti vya malori pale Salama, akajitolea na mashine yake ya mota. Bure kabisa.

Ijumaa likarudi, na Jumapili ndiyo siku ya kulitoa kanisani. Tulilitandaza. Mutua alikuwa amelipiga mishono ya almasi almasi kwa uzi wa nailoni, likasimama kama ubao. Tena uzi wa juu na ule wa chini wa bobini lazima zivutane sawa. Hizi hazikuvutana, kwa hivyo upande wa chini ulijaa vitanzi.

"Tutamwambiaje, na amefanya bure?" Mwenyekiti wa akina mama akanong'ona. "Tupeleke tu. Watoto hawajui kusema."

"Kidole cha mtoto kikinaswa hapo kitasema," nikamjibu.

Nilimpigia Mutua simu. Akaja amejaa furaha.

"Mwaitu, mama yangu, umeona vile nimeifunga? Hata dereva wa Mombasa aikalie miaka kumi, haichaniki!"

"Ni kweli, mwanangu. Sasa geuza, uweke shavu hapo chini."

Akaweka. Akalisugua kidogo. Nikaogopa, maana kumvunja moyo mtu aliyetoa kwa nia safi ni dhambi pia. Halafu akaangua kicheko.

"Aiya! Nimeshonea mtoto kiti ya lori!"

Jumamosi tukaitana mwethya, kama tunavyoitana kuchimba matuta shambani, wote tukafumua. Mutua alikuja na wembe wake, akaketi katikati yetu.

"Polepole, hapa si gereji!" Mwenyekiti akamfokea.

"Mama, nikimaliza hii mtanitafutia bibi?"

"Nani atakupa msichana? Si utamfunga kwa kitanda na nailoni!"

Tulicheka mpaka nyembe zikawekwa chini. Kisha tukashikanisha kwa mkono: kila pembe ya kiraka, fundo moja la uzi laini wa pamba. Vile vidole vyake vina nguvu, Mutua alifunga mafundo kuliko sisi sote, na Jumapili tukamwachia yeye alibebe hadi mbele.

Siku ya tatu nilienda wadini. Muuguzi akanionyesha doa, ameona haya. Mtoto wa kwanza alikuwa amelikojolea.

"Sasa limefunguliwa rasmi," nikamwambia, nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Mwezi huo niliuza cherehani. Miaka yote hiyo wateja walijigeuza mbele ya kioo, wakalalamikia kiuno, wakalalamikia mkono. Huyu wa mwisho, mtoto yule wa wadini, alikuwa chali juu ya mafundo ya Mutua, ngumi zimefunguka, anakoroma.