Chupa Ndani ya Makopa

Harufu ya makopa, ile mihogo mikavu yenye uchachu, hadi leo hunikausha koo. Nyumbani kwetu Kisarawe niliificha humo, ndani ya tenga, chupa ya mofini aliyoileta muuguzi ili kumtuliza mama maumivu, saratani ya titi ilipokwisha kufika mifupani. Shangazi alikuwa amenionya: "Hiyo ndiyo dawa ya kuwamalizia watu." Neno linalotupwa ovyo mbele ya mtoto ni dhambi, na mzigo wake huubeba mtoto.

Kufikia alasiri mama alikuwa akiuma pindo la kanga, shingo imelowa jasho.

"Umeiweka wapi, mwanangu?"

"Mama, utakufa."

"Nitakufa siku yangu ikifika. Leo nataka kulala tu. Kailete."

Nilimnywesha kwa kipimo alichotuonyesha muuguzi. Akafumba macho. Niliketi jamvini nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka polepole, nikiamini kwamba nimemuua.

Adhana ya magharibi ilipolia, alifumbua macho, akaniuliza kama nimekula.