Vijiwe Sita Koponi

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja hapa Ngara, ambako tangu wakimbizi waje foleni huanzia nje ya geti. Mbele yangu alisimama jirani yangu, mama wa Keza, kopo limebanwa kwapani.

Kliniki hiyo inajaribu kifaa cha betri kinachopitisha umeme mdogo kwenye kifundo cha mguu, ili kuwasaidia wanawake wanaobanwa na mkojo kila mara. Siku moja kila wiki, mgonjwa hutia harage koponi kila anapokwenda chooni. Wiki iliyopita mama mkwe wa mama wa Keza aliyakuta maharage yake, akayapika.

“Shikamoo, mama,” alisema nesi dirishani. “Hesabu ikipotea tena, nafasi yako anapewa mwingine.”

“Marahaba. Fungua,” mama alimpa kopo.

Nesi alichungulia. “Sita tu? Ulianza na kumi na nane! Mkwe amepika tena?”

“Atapika mawe?” Mama alimimina vijiwe sita mezani.

Nesi hakuandika. Kalamu ilining’inia, nami roho ikaning’inia nayo. Mama akainama, akashusha sauti.

“Mwanangu, miaka miwili nasali nimekaa mlangoni. Jumapili nimekaa benchi la mbele, misa nzima. Na mahubiri ya padri wetu unayajua.”

Nesi alicheka hadi akajifuta machozi, akaandika sita. Nikapumua. Daftari lao lina safu ya idadi peke yake. Mimi ningeongeza safu ya benchi.

Mama alifunga kopo lake, akatoka, akapita mbele ya choo bila hata kukitazama.