Kidole Kwenye Tarehe

Mimi nimewahi kubishana na jaji mpaka akaomba maji, lakini mbele ya mama wa meza ya ushauri, pale maktaba yetu ya Hull, Uingereza, nanywea. Anafungua bahasha za watu kwa kisu cha siagi, maana sisi wa huku barua ya mahakama tunaificha nyuma ya birika, tukidhani hukumu itachoka kungoja. Hasomi kiasi cha deni kwanza. Kidole chake chembamba huenda moja kwa moja kwenye tarehe. Jumanne nilimpeleka mpwa wangu Kirsty. Dalali alikuwa amemnyima nyumba ya kupanga kwa sababu hukumu ya deni la gesi ilionekana kwenye taarifa yake ya mikopo.

“Nitalipa kidogo kidogo, miezi sita,” Kirsty akasema, kifua mbele.

“Ukilipa hivyo, mwanangu, doa linakaa miaka sita. Ukilipa lote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu, linafutwa kabisa. Mwezi unaisha kesho. Huyu ni mjomba au ni pambo?”

Nikatoa kadi yangu ya benki. Mama akawapigia wadai wa gesi mwenyewe, nikalipa lote, naye sauti chini kama anamlaza mtoto. “Sema deni limelipwa lote. Taja tarehe. Sasa iandike.” Barua ikaja kwa baruapepe, akaichapa, akapiga mstari chini ya tarehe kwa rula, akamkabidhi Kirsty kwa mikono miwili.

“Mahakamani kwanza, wakalifute. Chai baadaye.”

Kirsty akatoka mbio. Mimi nikabaki nimesimama.

“Na wewe mjomba, unangoja makofi?”

Nikayapiga mimi, kwa ajili yake, mle mle maktabani.