Kanda ya Mama Syokau

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Jumatatu ya mvua huko Ruiru, na dereva alishusha masanduku manne ya mbao mlangoni mwa maktaba ya chuo kimoja cha kilimo nilikokuwa nimeajiriwa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Katika maktaba nzima ni mimi peke yangu niliyejua kutumia kompyuta na skana bila kuuliza mtu. Kijana akijua kitu kimoja wasichokijua wakubwa wake, hudhani amejua vyote.

Masanduku yalikuwa ya daktari wa mimea aliyekuwa amefariki. Kwa miaka mingi alizunguka zile sehemu kavu za mashariki ya Thika akiwauliza wakulima habari za mbegu zao, na sasa familia yake ilikuwa imetuletea kazi yake yote tuihifadhi. Ndani yake mlikuwa na ripoti zilizopigwa chapa, ramani za penseli, picha, madaftari yenye madoa ya chai, bahasha za mbegu zilizoandikwa majina ya watu, na kanda saba za kaseti. Chuo kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kuweka utafiti wake kwenye kompyuta, ili hata aliye mbali aweze kuusoma. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Mkubwa wangu aliitwa Mama Nyambura, mama aliyekaribia kustaafu. Kompyuta hakuzipenda, lakini hakuna karatasi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Aliniita akaniambia, "Njoroge, kabla hujagusa hiyo mashine yako, orodhesha kila kitu kilichomo. Hata uzi uliofunga bahasha uandike. Ukishaandika ndiyo uchague."

"Sawa, Mama," nikajibu. Sikuorodhesha.

Nilianza na ripoti, kwa kuwa zilikuwa safi na zilipita kwenye skana bila kukwama. Picha nilizikopi upande wa mbele tu. Majina yaliyoandikwa nyuma niliona ni ya kunichelewesha. Kanda moja niliijaribu kwenye redio ya ofisini, nikasikia mzee akikohoa, upepo, mbuzi, kisha mama akiongea Kikamba kilichochanganyika na Kiswahili. Nikazima. Kwangu mimi utafiti ulikuwa ni kitu kilichopigwa chapa kikafungwa jalada.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mke wangu alikaa miaka kabla ya kulisikia. Siku hizo nilikuwa naimba kwaya kanisani kule Kalimoni. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na mwalimu wetu alitaka turekodiwe ili tusikie mahali tunapokosea. Akasema kila mwenye kanda alete. Nami nikakumbuka zile saba ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, nikachukua tano.

Yule daktari alikuwa mwangalifu. Alikuwa amevunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo juu ya kaseti, ambavyo vikishavunjwa huwezi tena kurekodi juu yake. Mtu anayefanya hivyo anakuomba kitu, mwanangu, ingawa hayupo mbele yako. Nililijua ombi lake. Nikachukua selotepu, nikaziba yale matundu, na Jumamosi hiyo tukaimba. Nilikuwa sauti ya tatu, na nilifurahi sana.

Miaka miwili ikapita, hakuna aliyeuliza. Halafu asubuhi moja akaja mwanamke wa rika langu, viatu vyake vina vumbi jekundu. Akasema anaitwa Mumbua na ametoka Ngoliba. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa hadi kikaanza kuchanika. Nikasoma mwandiko wa daktari: "Syokau, Ngoliba. Kanda namba tano."

"Syokau ni mama yangu," akasema. "Daktari wenu alimrekodi, akampa hii karatasi, akamwambia siku akitaka kujisikia aje hapa. Hakuwahi kuja, kazi ya shamba haina likizo. Sasa amepata kiharusi. Anasikia, lakini hawezi kuongea. Watoto wangu wawili wa mwisho hawajui sauti ya susu yao. Naomba tu nimpelekee."

Kule kwao susu ni nyanya. Namkumbuka akilitamka hilo neno, na nakumbuka ulimi wangu ulivyokuwa mwepesi.

"Pole, dada. Zile kanda ziliingiwa na unyevu. Ziliharibika."

"Zote?"

"Zote."

Akaikunja ile karatasi polepole, akaitia kwenye mkoba. "Haya, asante," akasema, akaondoka. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingekuwa limepona zamani.

Sikujua kwamba Mama Nyambura alikuwa nyuma ya rafu. Alikuja akasimama karibu na meza yangu. "Miaka ishirini na sita niko hapa," akasema, "na hiyo stoo haijawahi kuingiwa na unyevu. Niletee hizo kanda nizione."

Nikamweleza. Sikuwa na pa kwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniambia nifungue kwenye kompyuta ile ripoti ya kwanza niliyoikopi, niende ukurasa unaozungumzia mtama, nisome kwa sauti. Nikasoma. Iliandikwa kwamba njia ya kuhifadhi mbegu za mtama zisiliwe na wadudu msimu baada ya msimu ilielezwa na Syokau wa Ngoliba, na kwamba maelezo yake kamili yamo kwenye kanda namba tano. Ukurasa huo niliuweka kwenye skana kwa mikono yangu, na sikuwa nimeusoma hata mstari mmoja.

"Umehifadhi kidole," akasema Mama Nyambura, "na ukatupa kile kilichokuwa kikionyeshwa. Sikukufundisha hivyo."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana sikulala. Asubuhi yake alikuwa na neno moja tu la kuongeza: "Mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda umtafute huyo binti umwambie ukweli. Na usiende mikono mitupu."

Nilikwenda Kalimoni nikaomba zile kanda kwa mwalimu wa kwaya. Nne zilikuwa zimejaa nyimbo mwanzo hadi mwisho. Namba tano niliisikiliza nyumbani, upande wa kwanza, kisha wa pili, nikijisikia mwenyewe nikiimba juu ya yule mama. Karibu na mwisho kwaya ikanyamaza, na baada ya mkwaruzo kidogo ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, yenye kicheko ndani yake. "Hebu mfukuze huyo kuku," ilisema, "anakula kile ninachomwonyesha daktari." Akacheka. Kanda ikaisha.

Hayo ndiyo yaliyobaki.

Jumapili nilibeba redio ya kaseti hadi Ngoliba. Nilimkuta Mumbua akipeta ndengu uani. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijua nikikaribishwa kiti nitalegea. Hakunipigia kelele. Aliweka ungo chini, akanipeleka ndani alikoketi mama yake, blanketi magotini, upande mmoja wa uso umelegea. Nilimwamkia, nikawasha redio.

Mama Syokau alipojisikia, mkono wake uliokuwa bado mzima ulipanda ukashika mdomo wake, kama mtu anayetafuta kitu alipokiacha. Wale watoto wawili walicheka kwa sababu ya kuku, wakaomba tena. Nikarudisha. Wakaomba tena. Mara ya nne sikuweza, nikampa Mumbua redio aiendeshe mwenyewe.

Alinisindikiza hadi kwenye barabara. Hapo ndipo aliponiambia, "Mama yangu alikaa na yule daktari asubuhi nzima, akimfundisha mambo aliyofundishwa na nyanya yake. Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa nachota maji, nikaona nitamuuliza baadaye. Nawe umetuletea kuku."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Yule mama alizikwa kabla ya mvua nyingine. Nilihudhuria, nikasimama nyuma.

Mwanangu, siku nilipoingiza kile kipande kwenye hifadhi ya chuo, nilifika mahali pa maelezo nikaandika: "Sehemu kubwa imepotea." Mama Nyambura akasoma juu ya bega langu. "Imepotea yenyewe? Andika aliyeifuta." Nikaandika jina langu. Lipo mpaka leo. Nikiwa hapa nyumbani, mtaa wa Landless kule Thika, naweza kulifungua kwenye simu, na mtu yeyote wa mbali anayetafuta habari za mtama wa Ngoliba atanikuta hapo. Kuna siku linanichoma, lakini sijawahi kuomba liondolewe. Picha nilizirudia zote, nikaandika na majina ya nyuma, ila wengi waliokuwemo walikuwa wameshakufa, na wale wasio na majina hakuna tena wa kuwatambua.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii ya kuhifadhi, au hata wewe unayefuta vitu vya wazazi kwenye simu ili upate nafasi, nisikilize. Usipime kitu kwa usafi wake. Ujuzi mwingi wa watu wetu haukupigwa chapa. Uko kwenye kikohozi cha mzee, nyuma ya picha, pembeni mwa daftari, na mara nyingi ile ripoti nzuri inakuelekeza huko huko. Andika kwanza kilichopo ndipo uchague, kwa maana kisichoandikwa hakina mtetezi. Weka na jina la aliyesema, usiweke la aliyekusanya peke yake. Na ukiharibu, kwa kuwa utaharibu, sema siku hiyo hiyo. Mimi niliharibu kanda kwa ujinga, lakini uongo niliusema kwa akili zangu timamu, na huo ndio unaoniamsha. Tena kama mama yako bado anaongea, usingoje mtafiti. Kaa naye umuulize.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka na mikono inayorudisha kitu mahali pake. Akuongezee miaka, na yale uliyoachiwa na waliokutangulia yapite kwako salama hadi kwa watoto wako. Nenda na amani.