Chini ya Mti Gani

Mama mkubwa wangu, Bi Masouda, alikuwa na pua. Wengine wamepewa sauti, wengine mkono wa kupika. Yeye alipewa pua. Alifanya kazi ya uuguzi hapa Maskati zaidi ya miaka ishirini, wadi ya wazazi, na wenzake walikuwa wakisema anajua mshono wa nani umeanza kuharibika kabla hajafunua bandeji. Nyumbani alijua nani kapitia kwenye mishkaki ya Hamriya na nani kavuta sigara kwa siri. Kuishi na mtu wa namna hiyo ni taabu, na mimi nimeishi naye.

Mwenyewe alisema pua yake ilisomeshwa Ujerumani ya Mashariki. Alizaliwa Unguja, na miaka ile ya baada ya mapinduzi, vijana walipokuwa wakipelekwa kusoma nchi za mbali, alipelekwa huko kusomea uuguzi. Alirudi na cheti na mapenzi ya uyoga. Majani ya miti yakianza kuanguka, wanafunzi wenzake walikuwa wakimchukua msituni na vikapu. Walimfundisha kwamba uyoga hautazamwi tu. Unavunjwa, unanuswa, kisha unaangaliwa umeota chini ya mti gani.

Upo uyoga ambao ukiuvunja unatoa maziwa, na huo ndio aliokuwa akiuhadithia zaidi. Mmoja unaota chini ya mwaloni na unanuka kunguni. Akifika hapo wanawake wenzake wa Kiunguja walikuwa wakicheka, maana nani asiyeijua harufu ya kunguni. Mwingine nao ni wa mwaloni, mdogo, mwekundu kama tofali, na ukikauka unanukia uwatu. Huo hauna neno, wenyewe huutia kidogo kwenye mchuzi kama bizari. Tatizo ni kwamba una jamaa yake anayekaa kwenye misonobari, na jamaa huyo akikauka ananukia uwatu vile vile. Huyo anamtapisha mtu na kumwendesha mpaka alazwe.

Hadithi hizo nimezisikia mpaka zikanichosha. Maskati hakuna mwaloni. Tuna mitende, tuna migunga, na tuna mawe ya kumtosha kila mtu. Alipohamia hapa miaka ya sabini na mumewe, Awadh, wakapata nyumba Hamriya, alikuwa akisema siku moja atarudi kuuona ule msitu. Siku hiyo haikuja. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na binti yao wa pekee, Hind, na kulikuwa na ndugu wa mume ambao hawakuelewa mwanamke mzima ana haja gani na msitu wa watu.

Mwaka wa tisini na saba Awadh akaugua moyo, akapelekwa kutibiwa Ujerumani. Mnadhani nani alimsindikiza? Kaka yake, asiyejua neno moja la Kijerumani. Walisema mwanamume asindikizwe na mwanamume. Mama mkubwa alibaki hapa akipanga soksi za kwenye sanduku, na nilimwona alivyokunjika uso. Aliloweza kufanya ni kumpigia simu rafiki yake wa chuoni, akamwomba akamtazame mgonjwa. Rafiki huyo alifanya zaidi. Awadh alipopata nafuu alimtoa matembezi mpaka msituni.

Awadh alirudi na kopo la haluwa. Haluwa aliipeleka zawadi, na kopo akalirudisha limejaa uyoga aliouchuma kwa mkono wake na kuukausha juu ya bomba la joto chumbani. Mama mkubwa alifungua mfuniko, akanusa, akakaa kitandani.

"Umeuchuma chini ya mti gani?"

"Chini ya mti," alisema Awadh. "Masouda, mti ni mti. Mimi nlikuwa nasikia baridi."

Ikawa mchezo wao. Akimuuliza wakati wa chai, alijibiwa mwembe. Akimuuliza kesho yake, alijibiwa mnazi. "Jana nlikwambia mwembe? Basi umehama." Kwa kuwa hakujua kama ni wa mwaloni au wa msonobari, hakuupika. Aliliweka kopo kwenye kabati la jikoni, na mara moja moja alilifungua akanusa, akamwita mumewe mwongo.

Mwaka uliofuata moyo wa Awadh ulisimama, mama mkubwa akaingia eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mambo yake yanajulikana. Lakini wifi yake, Bi Sayyida, alikuja kutoka Qurayyat na godoro lake, na eda ikaongezeka masharti. Mapazia yasifunguliwe. Redio isisikike. Simu akipiga mwanamume, Bi Sayyida ndiye azungumze. Wapo mashekhe wanaomruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake. Bi Sayyida hakuwataka mashekhe hao. Mimi nilihamia pale kumliwaza mama mkubwa, nikawa natoka kwenda kazini asubuhi, na nikirudi naikuta nyumba imefungwa kama nilivyoiacha, hewa ni ile ile ya jana, na wao wawili wamekaa wanatazamana.

Mama mkubwa hakulalamika. Nilipomwambia Bi Sayyida amezidi, alinijibu kwamba eda ndiyo kitu cha mwisho alichobaki nacho cha kumfanyia Awadh, na hataki mtu aseme aliifanya nusunusu. Manukato aliyaacha, na kwa mtu mwenye pua ile ni kama kumfunga macho. Siku moja nilimkuta jikoni uso umo ndani ya kopo la haluwa.

"Hii si manukato," aliniambia kabla sijasema kitu. "Hii uyoga."

Humo humo ndani ya eda Hind akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Hind na mumewe, Badr, walikaa Darsait, si mbali hata chai ya chupa ipoe. Lakini mama alikuwa edani na binti yumo katika arubaini, hatoki. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji huu hakuweza kumwosha mjukuu wake. Alikuwa akiuliza kwa simu mtoto ananyonya vipi, kitovu kimekauka, halafu akimaliza anakaa na mikono yake mapajani, na mikono ile haikuzoea kukaa.

Kilichobaki ni kupeleka chakula cha mzazi. Kila asubuhi Badr alipita kuchukua kuku, samli, asali na pilipili manga. Na uwatu, kwa sababu kwetu mzazi asiyekunywa uji wa uwatu hata maziwa yakimtoka watu hawayaamini.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa kazini na mama mkubwa yumo chumbani anasoma Yasini. Bi Sayyida alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na hataki kupasuliwa, kwa hiyo jikoni alikwenda kwa kunusa, na alijisifu kwamba pua yake haimwogopi mtu. Akanusa kabati. Akapata uwatu. Akaumimina kwenye kinu, akautwanga, akaufunga kwenye karatasi, Badr akauchukua.

Nilirudi baada ya alasiri nikamkuta mama mkubwa amesimama na kopo mkononi. Humo chini kumebaki makombo.

"Wifi, vilivyokuwamo humu viko wapi?"

"Uwatu wako? Nimempelekea mzazi. Ulikuwa mkavu sana, hauna hata punje."

Mama mkubwa alilifunga kopo. Alikwenda kwenye simu.

"Hind, ule uwatu umeunywa?"

Sauti ya Hind ilisikika mpaka nilipokaa. "Nshakunywa bakuli zima mchana, mama. Mtamu."

"Tumbo vipi?"

"Nna usingizi tu."

"Usinywe tena mpaka nikupigie. Na usilale peke yako."

Akaweka simu, akatueleza. Bi Sayyida aliposikia neno la kutapika alishika kichwa, akaketi. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nachemka.

"Ikiwa ni ule wa sumu, khalas, hiyo dharura. Mwenyewe ntakufungulia mlango, Hamdiya huyu hapa atupeleke sasa hivi. Ikiwa si huo, wallahi sioni dharura."

Kwa hiyo mlango ulikuwa kwenye kopo. Ukiwa uyoga wa msonobari, mama anatoka kwenda kwa mwanawe na kumpakata mjukuu ambaye hajamwona. Ukiwa wa mwaloni, anabaki. Mimi nilikuwa nimeshachukua ufunguo wa gari msumarini. Nilimfuata jikoni nikamnong'oneza, "Mama mkubwa, sema ni ule mbaya."

"Nikisema hivyo watamkimbiza hospitali," alisema bila kunitazama. "Watamtia mpira wa kooni kumwosha tumbo, na mtoto akae na njaa. Nimeifanya kazi hiyo, najua inavyokuwa. Nipe sinia."

Nilimpa sinia jeupe. Akaenda nalo dirishani, akavuta pazia. Mwanga uliingia kwa nguvu hata sote tukafinya macho.

Alimimina makombo, akayatandaza kwa kidole. Kunusa hakukuwa na faida, maana wote wawili harufu yao moja. Alitafuta shina. Alipata vipande vitatu hivi, akaviweka kando. Ule wa msonobari, alisema, ni mnene, kichwa chake upana wa kisahani, rangi yake imepauka. Haya mashina yalikuwa membamba kama njiti za kibiriti, yameiva wekundu, na kwa chini yameingia weusi. Nikadhani ameshamaliza. Aliendelea kutafuta. Nilijua anataka nini, na sikujua tumwombee akipate au asikipate.

Kwenye kona ya kopo, chini ya kikunjo cha bati, kitu kilikuwa kimenasa. Alikitoa kwa kisu. Kilikuwa kipande cha jani lililokauka, ukingo wake una mawimbi, na kimeshikana na kikombe kidogo cha mbao, kama kofia ya mtoto wa bandia. Ndicho kinachoshika tunda la mwaloni. Awadh alivichota vyote pamoja na uyoga, kwa vile alikuwa anasikia baridi na ana haraka.

"Mnazi," alisema mama mkubwa. "Mwongo mkubwa we."

Akalia. Tangu msiba hatukumwona akilia vile, hata siku ya kuzika. Alilia ameshika sinia kwa mikono miwili ili makombo yasimwagike, na mimi nikalia, na nadhani Bi Sayyida naye alilia, ingawa yeye alisema ni ule mwanga.

"Ndio upi?" aliuliza Bi Sayyida baadaye, kwa upole ambao sikuujua kwake.

"Ndio wa mwaloni. Hauna neno."

Nilimtazama nikitumaini ataongeza kitu. Akaanza kuyarudisha makombo koponi. Bi Sayyida alisimama, akalirudisha pazia polepole, akasimama pale pale na kitambaa mkononi kama mtu aliyesahau alichokijia.

Mama mkubwa alipiga simu Darsait.

"Uko salama, mwanangu. Ule haukuwa uwatu, ni uyoga wa kopo la haluwa. Uliobaki unirudishie, usiumalize. Kauchuma baba yako."

Nyuma ya Hind mtoto alianza kulia, na mama mkubwa aliukandamiza mkono wa simu sikioni mpaka ngozi ikawa nyeupe. Alikuwa anamsikiliza kwa makini, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza watoto wachanga wa wadi yake, na midomo yake inacheza.

"Mama," alisema Hind, "basi alikwambia ni chini ya mti gani?"

"Kaniambia leo."

"Utakuja lini?"

"Eda ikisha."

Nikaurudisha ufunguo wa gari msumarini.