Kila Redio Ilikoroma

Tangu Jumamosi sijatia mguu kwenye mazoezi ya kwaya, na sababu ni hii. Mimi na mwalimu wetu tulishuka Moshi kutoka Machame kuinunulia kwaya redio ndogo ya flashi. Mimi, mjuzi wa sauti wa kujiteua, nikachomeka flashi yenye nyimbo zetu. Redio ya kwanza ikakoroma kwenye besi. Ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo kabisa.

"Dada, mbona unatuuzia spika zilizopasuka?" nikauliza kwa nguvu, wateja wakageuka.

Muuzaji akaweka flashi yake. Kwaya nyingine ikaimba safi kabisa.

"Hao hawana besi," nikasema.

Mwalimu akanishika bega taratibu. "Baba Neema, spika ni nzima. Siku ile tunarekodi, besi uliimba peke yako."